Simu ya binti yangu na panga la bibi yake

Mwezi wa nane mwaka 2022, wakati ule upepo wa Mbeya unapobeba vumbi mpaka unalisikia kwenye meno, mama mmoja ambaye tuko naye kikoba kimoja aliingia kwenye kibanda changu cha cherehani pale Mwanjelwa. Hakuketi. Kawaida yake akija anavuta kigoda, tunaulizana habari za watoto na bei ya mchele, ndipo anasema kilichomleta. Siku hiyo alisimama mlangoni na simu mkononi, akasema, "Dada, naomba uangalie hiki, halafu uniambie kama unakijua."

Ilikuwa stika ya WhatsApp. Wenye simu mnazijua: picha inakatwa pembeni, inaandikwa maneno juu, ikishatoka hapo inaruka grupu hadi grupu kama kiroboto. Hii ilikuwa ya msichana aliyepigwa picha kwa nyuma, amesimama kituo cha daladala, sketi ya shule ina doa la damu. Chini yake maneno ya kumcheka. Uso ulionekana nusu, alikuwa amegeuka kidogo kama mtu aliyesikia anaitwa.

Niliitambua sketi kabla ya mtoto. Marinda yale ya kijivu niliyapiga pasi mwenyewe mwezi wa kwanza. Upande wa zipu kuna rinda moja nililikosea, nikalifumua, nikalirudia, likabaki na alama ambayo mtu mwingine haoni. Nikasema, "Huyu si mwanao?" Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka mikono inalegea: "Na aliyeitengeneza ni wa kwako."

Sikumkatalia, sikumkubalia. Nilichofanya ni kuinua pasi ya mkaa nisije nikaunguza nguo ya watu.

Nirudi nyuma kidogo. Binti yangu wa kwanza alimaliza darasa la saba mwaka 2021. Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu, amechaguliwa shule ya kutwa hapa hapa mjini. Baba yake ni dereva wa lori, njia yake ni Dar es Salaam na Tunduma, mara nyingine anavuka mpaka anaingia Zambia, na kwa mwezi anaweza kulala nyumbani siku sita. Alishamwahidi mtoto: ukifaulu nakununulia simu. Ahadi ya baba ambaye hayupo nyumbani ni nzito. Mtoto anaishika kama anamshika baba mwenyewe, na mama anayebaki ndani hawezi kuipangua bila kuonekana adui. Basi tukanunua simu ya tachi iliyotumika, shilingi 150,000, kioo kina ufa kwenye kona. Alikuwa na miaka 13 na miezi miwili.

Laini niliisajili mimi. Kitambulisho cha taifa kinatolewa kwa aliyefikisha miaka 18, kwa hiyo namba ya NIDA ilikuwa yangu na kidole kilichobonyezwa kwa wakala kilikuwa changu. Nilikitoa kidole hicho kama ninavyosaini risiti ya kitambaa. Haikunijia akilini kwamba kuanzia saa ile, chochote kitakachotoka kwenye namba ile kinatoka kwenye jina langu.

Usiku wa kumkabidhi nilimkalisha chini, nikampa masharti. Usiongee na mtu usiyemjua. Usimtumie mtu picha yako. Na nikikuta ujinga wowote humu ndani, simu naichukua na hutaiona tena. Hilo la tatu nililisema kwa sauti ya juu kuliko mengine. Nikaenda kulala nikijiona nimemlinda mwanangu. Hofu yangu yote ilikuwa kwa mtu wa nje: mtu mzima anayejifanya mwanafunzi, tapeli, mwanaume wa mbali asiye na sura. Kwamba mwanangu mwenyewe angeweza kuwa yule ambaye mama wa mtoto mwingine anamwogopa, hilo halikunipitia kabisa.

Jioni ile ya mwezi wa nane nilimkuta nje anamenya viazi. Yule mama alikuwa amenirushia ile stika, nikaifungua, nikaiweka simu kwenye benchi mbele yake. Akaweka kisu chini. Hakuuliza ni nini. Akasema, "Nilijua tu itakufikia."

Aliniambia yote, na sikulazimika kumvuta. Kijana mmoja aliyekuwa kituoni ndiye aliyepiga picha. Usiku picha ikaingia kwenye grupu la wanafunzi. Wakacheka. Kuna mmoja akasema itengenezwe stika, na katika wote anayejua kutengeneza ni yeye, wakamtaja kwa jina. Hiyo kazi haichukui dakika mbili. Akaitengeneza, akairusha, na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi vikaanza kumiminika. Alivihesabu mpaka 38, akaacha. Aliniambia alisikia raha, halafu alipozima simu akasikia vibaya tumboni. Asubuhi yule msichana hakuja shule. Wanaimba naye kwaya moja kanisani. Akaifuta, tena akaifuta kwa wote, lakini wenzake walikuwa wameshaihifadhi kwenye simu zao.

Nikamuuliza swali ambalo niliona ndilo kubwa kuliko yote: "Kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama kama anayeshangaa kwamba silijui jibu. "Ulisema ukikuta ujinga utaichukua."

Zilikuwa zimepita siku tisa. Na hizo siku tisa nilikuwa nimeziona kwa macho yangu, sema sikuzisoma. Simu ilikuwa inalala kifudifudi mezani, hapo nyuma haikuwa hivyo. Mwanga ulikuwa unatoka chini ya blanketi saa sita za usiku. Alikuwa anaosha vyombo hata siku ambayo si zamu yake, na chakula anakisukuma pembeni anasema tumbo linamsumbua. Nikadhani ni siku zake, nikamchemshia tangawizi. Mtoto alikuwa amebeba mzigo ambao mtu mzima ungemwelemea, yuko chumba cha pili, na mimi nampelekea tangawizi.

Usiku wa kwanza stika ile ilikuwa kwenye simu za wanafunzi wa grupu moja. Angeniamsha usiku ule, ningempigia yule mama saa ile ile, tungewatafuta wazazi wenzetu, na yule mtoto angeambiwa na mama yake akiwa nyumbani kabla hajaambiwa na vicheko. Siku ya tisa ilikuwa imefika shule nyingine, na kaka wa yule msichana, aliyeko Mafinga, aliipokea kutoka kwa mtu asiyejua kwamba anayemrushia ni ndugu yake. Hilo la kaka ndilo lililomfanya yule mama aje dukani.

Baba yao nilimpigia akiwa ameegesha Makambako. Akasema, "Ivunje hiyo simu." Sikuivunja. Nilimwambia kwamba simu ikivunjwa leo, mtoto atajifunza kwamba siku nyingine afiche zaidi. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Basi fanya unavyoona, nikija tutaongea."

Jumamosi nilikata kitambaa cha kijivu, mita moja na nusu, nikashona sketi mpya, pindo nikaliacha. Nikamwita binti yangu, nikampa sindano na uzi. Sikumwambia ni ya nani. Amekulia kwenye kibanda cha cherehani, alisoma kipimo cha kiuno nilichoandika kwa chaki, akajua. Pindo la sketi ya marinda kwa mkono si kazi ya mchezo: kila rinda lina unene wake, ukivuta uzi kidogo tu linakunja uso. Alifumua mara nne. Kidole kikachomwa, akakinyonya, akaendelea. Tulikaa pale bila neno mpaka giza likaingia na nikawasha taa.

Jumapili baada ya ibada tukaenda kwao, mimi na yeye, na sukari kilo mbili. Alipiga magoti, akamwamkia yule mama, akasema alichokifanya kwa kinywa chake, bila "tulifanya", akasema "nilifanya". Msichana akaitwa kutoka ndani. Akaja, akapokea mfuko, akasema "asante" bila kumtazama, akarudi chumbani. Ndiyo ikawa hivyo. Mtu asidhani walikumbatiana. Urafiki wao haukurudi, na sketi ile sijawahi kumwona ameivaa. Mama yake naye alikaa upande wa pili wa kikoba miezi mingi kabla hatujaanza tena kuongea mambo ya bei ya mchele.

Shuleni waliitwa wazazi wa watoto saba. Mwalimu wa nidhamu alituambia kwamba kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kumdhalilisha mtu mtandaoni ni kosa ndani ya sheria hiyo, si utundu wa watoto. Yule mama angetaka, angekwenda polisi. Hakwenda, na huo ulikuwa uamuzi wake, si kwamba tulistahili. Nilikaa kwenye kile kiti cha mwanafunzi, magoti yamebana mezani, nikajikuta nakiangalia kidole changu.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuuliza kila mzazi: wako ulimpa akiwa na miaka mingapi? Majibu yalikuwa mengi kama viazi gunia. Mwingine kumi, kwa sababu anakwenda tuisheni na kurudi jioni. Mwingine mpaka amalize kidato cha nne. Mwingine alisema wake ana tisa na anaijua simu kumshinda yeye, kana kwamba kujua kuibonyeza ndiyo kuiweza. Nilimpigia kaka yangu, mjomba wao, anayefundisha kompyuta Iringa. Nikamwambia, mbona WhatsApp yenyewe inasema miaka 13, na mimi nilimpa na 13 yake?

Akanieleza jambo ambalo ningependa kila mzazi alijue. Ile 13 haikutoka kwa mtu aliyekaa akachunguza akili ya mtoto. Imetoka Marekani, kwenye sheria ya mwaka 1998 inayozuia kampuni kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13 bila mzazi kuridhia. Kampuni nyingi za mitandao zikaona rahisi zaidi kusema walio chini ya umri huo wasijiunge kabisa. Hiyo namba inasema kampuni iko salama na sheria. Habari ya mwanao kuwa tayari haimo. "Australia," akasema, mara nyingine tulipoongea baada ya habari zile kutoka mwishoni mwa 2024, "wamepitisha sheria ya kuwakatalia mitandao ya kijamii walio chini ya miaka 16. Unaona, hata wao namba wanaisogeza." Nikamwambia mimi sitafuti namba tena.

Maana nilikuwa nimeshapata nilichokitafuta, na nilikipata Tukuyu, wilayani Rungwe.

Desemba ya mwaka ule ule 2022 tulikwenda kwa mama yangu. Kule Rungwe mvua ikianza haikuulizi umevaa nini, tulifika tumelowa. Nilimpa sukari na chumvi, akasema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, akaniweka karibu na moto jikoni. Watoto walipolala nikamsimulia yote. Mama yangu hajawahi kushika simu ya tachi. Ana kitochi kilichofungwa kwenye kitambaa, anajua kitufe cha kijani na chekundu, basi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaongeza kuni, akaniuliza, "Nyinyi kwa nini mnauliza miaka?"

Akasema wakati wetu, mtoto alikuwa anataka panga kuliko kitu chochote. Ukipewa panga unakwenda kukata majani ya ng'ombe na wakubwa, umekuwa mtu. Na panga ni chuma, halijui kama aliyelishika ana miaka saba au kumi na saba. "Hatukuangalia miaka. Tuliangalia akijikata anakimbilia wapi. Akikimbilia nyumbani, mpe panga. Akikimbilia migombani kujificha, huyo bado."

Nikamwambia wa kwangu alikimbilia migombani.

"Kaka yako pia," akasema.

Ndipo akanisimulia habari ya kovu ambalo nimeliona maisha yangu yote kwenye muundi wa kaka yangu, huyo huyo wa kompyuta Iringa, wala sikuwahi kuuliza limetoka wapi. Alijikata akiwa na miaka tisa. Akafunga jeraha kwa jani la mgomba, akavuta suruali juu yake, akawa anachechemea siku mbili anasema kajikwaa. Siku ya tatu mguu umevimba mpaka gotini, ana homa, akabebwa mgongoni mpaka hospitali. Nikauliza kwa nini hakusema. Mama akaniangalia kwa muda. "Baba yenu alikuwa ametangaza: atakayejikata, fimbo. Sasa mtoto amejikata. Wewe unafikiri atasema?" Akakokota sufuria. "Panga tulimpa mapema, sawa. Lakini njia ya kurudi nyumbani tuliiziba sisi wenyewe."

Sikulala sana usiku ule. Nilisikiliza mvua kwenye bati na kurudia maneno yangu mwenyewe, yale ya sharti la tatu.

Simu ya binti yangu ilikaa kwenye droo ya cherehani tangu mwezi wa nane mpaka tarehe 1 Januari. Tarehe hiyo nilimtajia tangu mwanzo, na ilipofika nilimrudishia asubuhi bila kuombwa. Hiyo ilikuwa adhabu ya alichomfanyia mwenzake. Nikamwambia pia, na hili ilibidi niliseme mara nyingi kwa sababu mara ya kwanza hakuniamini: ukija kunieleza jambo lililoharibika humo, hata uwe umeliharibu wewe, kwa kusema kwako sitaichukua simu. Kosa tutalilipa kama kosa. Kusema hakutalipiwa.

Wa pili ni wa kiume, sasa ana miaka 12. Kwake nilianzia mbali. Tulinunua kitochi kikawa simu ya nyumba. Kinakaa juu ya kabati, pembeni ya redio. Anayetoka anakichukua, akirudi anakirudisha. Si cha mtu. Kwa kitochi kile amejifunza vitu ambavyo dada yake alivikuta vyote kwa usiku mmoja: kupokea simu ya mtu mzima na kumwamkia, kusema "mama hayupo, nimwambie nini?", kutomtajia mtu asiyemjua tuko wangapi nyumbani. Ujumbe ule wa "ile hela itume kwenye namba hii" ulipoingia alikuja mbio akidhani kuna mtu anatudai kweli. Tukausoma wote wawili, nikamwonyesha kwamba hautaji jina la mtu wala kiasi, ni wavu umetupwa ziwani, kisha tukairipoti namba ile kwenda 15040, namba ya kuripoti ujumbe wa kitapeli. Alifurahi siku hiyo kama askari.

Lakini siku ninayoihesabu mimi ni nyingine. Nilimpa noti ya 20,000 akaninunulie zipu, vifungo na uzi duka la jumla. Nilijua chenji inatakiwa kurudi 6,500. Alirudi, akaweka mfuko juu ya meza, akaweka 4,500, na kabla mkono wangu haujafika kwenye pesa akasema, "Mama, elfu mbili haipo. Nilipita kwenye gemu, nikacheza."

Midomo ilikuwa imeshafunguka. Nina maneno ya mama yangu na ya bibi yangu yamejaa mdomoni, ya siku zote, na wateja wawili wanatazama. Nikaona miguu yake imesimama upande, kama mtu aliye tayari kukimbia. Kukimbilia wapi? Nikameza. Nikamwambia, "Umefanya vizuri kuniambia kabla sijahesabu. Sasa elfu mbili yangu utairudishaje?" Akafikiri. Akasema atakunja nguo za wateja na kuzipeleka majumbani wiki mbili. Alizipeleka, wiki mbili kamili, hata siku za mvua, na mteja mmoja wa Soweto alinipigia kunisifia mtoto. Jioni ile nilimpigia baba yao, nikamwambia huyu ameanza kuwa tayari. Akacheka akasema, kwa kuiba elfu mbili? Nikamwambia ndiyo, kwa hiyo elfu mbili.

Kuna jambo jingine ninalolisikiliza, na hili limenijia kutokana na ile stika. Nasikiliza anavyomzungumzia mtu ambaye hayupo. Watoto wakiwa wanakula wanasema mengi: fulani ana kigugumizi, fulani viatu vimetoboka. Mtoto anayemwiga mwenye kigugumizi mezani ili wenzake wacheke, huyo akipewa simu ataiga mbele ya watu mia mbili. Wa pili alikuwa na tabia hiyo. Hatujaimaliza. Juzi nilimsikia anamkatiza rafiki yake, anasema "acha, na yeye anaumia", na nilikuwa jikoni, hakujua nasikia.

Na mimi ilibidi nijitazame. Nilikuwa naweka picha za binti yangu kwenye status bila kumuuliza: amelala mdomo wazi, analia siku ya kunyolewa, na watu wanacheka, na mimi nafurahi wakicheka. Nani alimfundisha kwamba sura ya mtu ni kitu cha kurushia watu? Aliniambia mwenyewe, kwa upole, tulipokuwa tunaongea mambo haya. Sasa namuuliza kwanza. Mara nyingi anakataa.

Mengine ya nyumbani kwetu ni mafupi. Saa tatu usiku simu zote zinachajiwa sebuleni, yangu na ya baba yao akiwepo. Baba alilalamika kwamba ana mzigo njiani, tukakubaliana ya kwake iwe na mlio, ila ilale sebuleni. Kwenye simu ya binti mjomba alituwekea Family Link, programu ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, binti akiwa kidato cha pili. Inamfungia simu usiku, na programu mpya haiingii mpaka niruhusu. Inasaidia, lakini haioni kinachoandikwa ndani ya WhatsApp, na mzazi asilale akidhani imemlelea mtoto. Bando nanunua mimi la wiki, likiisha limeisha. Kila baada ya muda napiga *106# kuangalia kama kuna laini nyingine iliyosajiliwa kwa namba yangu ya NIDA. Wote wawili wanaijua 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, kwa sababu kuna siku mtu wa kuogopwa anaweza kuwa ndani ya nyumba, au mama mwenyewe hasikilizi.

Naandika haya mwaka 2025, na mwezi wa tisa kijana wangu anafanya mtihani wa darasa la saba. Ameshaniuliza mara mbili kama akifaulu atapata simu. Nimemwambia kufaulu kutamletea viatu vipya na safari ya Matema kwenda kuliona Ziwa Nyasa. Simu haina uhusiano na alama zake. Itakuja kwa njia ile aliyoanza kuipita siku ya zipu na vifungo, inaweza kuja kabla ya mtihani, inaweza kuja baada ya miaka miwili. Hakuridhika. Alikwenda kukaa kwenye ngazi ya nje na kitochi mkononi, anacheza nyoka.

Mwezi wa sita ulipokuwa katikati, baridi ya mlima Loleza imeshuka mpaka vitasa vya milango ni barafu, nilisikia mlango wa chumba changu unasukumwa taratibu. Saa tano na kitu usiku. Binti yangu sasa yuko kidato cha nne, amenipita urefu. Alikuwa ameichukua simu sebuleni, wakati muda wake ulikuwa umekwisha, na mwanga wake ulikuwa unamulika kidevu.

"Mama, umelala?"

"Bado."

"Kuna kitu nimekosea. Nataka ukisome kabla sijaharibu zaidi."

Nilisogea ukutani, nikamfunulia blanketi. Akaingia, akanipa simu mkononi. Miguu yake ilikuwa ya baridi kama mawe ya mtoni.